Pini Kwenye Koti la Daktari

Mama Asha,

Mtoto mzima. Naanza na hilo maana nakujua, ungenikatiza kabla sijamaliza salamu: "Baba Asha, acha mizunguko, mtoto yuko wapi?" Yuko hapa chini ya meza ya cherehani yangu, kwenye baraza ya duka la tajiri wangu. Amejifunika kipande cha kaki kichwani na anapanga vifungo. Leo Ijumaa, duka limefungwa kwa ajili ya swala, nami nimetoka msikitini mapema nikuandikie kabla tajiri hajafika akaniuliza barua hii ya nani. Nitamjibu nini? Ya mke wangu aliye makaburini? Atasema fundi wake amechanganyikiwa, na labda hatakuwa mbali na ukweli.

Mimi ndiye si mzima. Mwili hauna neno, ila roho iko juu juu, chakula hakipiti, na jana nimekata suruali ya mtu mzima ikawa ya kumfaa mwanawe. Naogopa, Mama Asha. Ndiyo, najua, mimi naogopa kila kitu: askari, mbwa, ngazi, barua zenye muhuri. Ulinicheka miaka yote na ulikuwa na haki. Lakini hofu hii ya sasa si ya kuchekwa. Jumatatu shule inafunguliwa na Asha anarudi darasani. Akikaa salama mpaka likizo ijayo, atabaki nami hapa Gisenyi. Akikimbilia tena ziwani, watampeleka kwenye nyumba moja ya masista huko ndani kabisa ya Kongo, mbali, mahali ambapo mtu kama mimi hafiki. Na hata nikifika, sijui kama ningemkuta bado ananijua.

Habari ya ziwa huijui. Subiri, nitafika. Nina mengi ya kukupa na hakuna wa kunikatiza, na hilo nalo linaniuma.

Ulipoondoka, watu walisema mtoto yule haelewi kitu, hajui hata kama mama yake amekufa. Waongo! Kila asubuhi, mpaka leo hii, anasimama mlangoni na kusema, "Mama anaenda sokoni, mama anarudi." Anasema kwa sauti yako, Mama Asha. Vilevile ulivyokuwa ukimwambia huku unajifunga kanga, na pale kwenye "anarudi" anapandisha sauti kama ulivyokuwa ukipandisha. Halafu anangoja. Siku za mwanzo nilikuwa natoka nje naenda kulia nyuma ya jiko. Siku hizi nainama tu namfunga viatu.

Siku zile za homa ulinishika mkono ukaniambia, "Asha asome. Usimfiche." Mtu akikuachia neno kama hilo utafanyaje? Ilipofunguliwa hii shule ya serikali, ambayo haiulizi mtoto amebatizwa au hakubatizwa, nikajikaza kisabuni nikampeleka. Sare nilimshonea mwenyewe. Unajua hawezi kuvumilia kola, wala mshono unaogusa ngozi, atajikuna mpaka damu. Basi nikashona gauni bila kola, mishono yote nikaiweka nje, nikaifunika kwa utepe mwembamba ili ionekane ni urembo. Mafundi wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, eti fundi mzima amemvisha bintiye gauni ndani nje. Wacheke. Alilivaa na hakujikuna.

Mwalimu mkuu wa shule ni Mwalimu Kalisiti, mtu wa Kanama, mwembamba, sauti kubwa, baiskeli yake inang'aa kuliko uso wangu siku ya Idi. Shule ni ndogo, kwa hiyo darasa la kwanza analifundisha yeye mwenyewe. Siku ya kwanza alimsalimia Asha, Asha akatazama vifungo vya shati lake badala ya macho. Akamuuliza jina, Asha akamrudishia, "Jina lako nani?" Watoto wakacheka, Mwalimu akanitazama. Mimi nikasema ndiyo bwana, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu.

Kosa lote liko kwenye kengele. Si kengele hasa, ni rimu la lori lililoning'inizwa mtini, mtu analigonga kwa chuma. Hata mimi likilia meno yananiuma. Unakumbuka Asha alivyokuwa akisikia sufuria likianguka? Ulikuwa unamfunika masikio kwa viganja vyako na kumwimbia kwenye nywele mpaka atulie. Shuleni nani wa kumwimbia? Likigongwa, anaingia chini ya dawati na kupiga kelele. Mwalimu akadhani ni jeuri, akawa anamtoa kwa mkono. Siku moja Asha hakuingia chini ya dawati. Alitoka mlangoni akakimbia.

Nilikuwa napima kiuno cha bwana mmoja wa posta. Mama muuza samaki akaja mbio, kanga mkononi, anapiga kelele, "Yewe fundi! Mutoto yako iko mu mayi!" Futi ikabaki kiunoni mwa yule bwana, sijui aliivuaje. Nilikimbia bila viatu. Nilimkuta amesimama ndani ya ziwa, maji yanamfika kifuani, mawimbi yanampiga, gauni lake limefura pande zote, viganja masikioni. Na alikuwa ametulia. Ametulia, Mama Asha! Mawimbi yalikuwa yameimeza ile sauti ya chuma, akaona pale ndipo pazuri pa kukaa. Niliingia majini. Maji yalipofika magotini miguu ikagoma, ikagoma kabisa, nikasimama pale nalia na kumwita, naye hata hageuki. Wavuvi ndio waliomtoa. Mmoja wao alimbeba begani akaniwekea mikononi, na Asha akasema, "Mama anarudi."

Tangu siku hiyo nikisikia mawimbi jasho linanitoka. Na hapa mjini utayakwepa wapi mawimbi?

Kesho yake Mwalimu Kalisiti aliniita. Nilisimama mbele yake nikiwa nimeshika kofia kwa mikono miwili. Akasema, "Fundi, mi sifukuze mutoto wako. Lakini mi sijue ugonjwa yake. Akikufa mu mayi, watauliza mi. Uende kwa daktari, akuambie." Nikaenda hospitali. Daktari unamkumbuka, yule Mbelgiji mrefu mwekundu aliyekuja kukutazama siku ya mwisho. Si mtu mbaya, ila ana haraka. Alimwita Asha jina, Asha kimya. Akazunguka nyuma yake akapiga makofi, pa! Asha hakugeuka, alikuwa anahesabu miraba ya sakafu. Daktari akafuta mikono. "Mutoto hii hasikie. Iko kiziwi. Bon. Kuko nyumba ya masista kwa watoto viziwi, nitaandika." Nikataka kumwambia, hapana bwana, huyu anasikia kupita sisi sote. Unanijua nikiwa mbele ya wakubwa. Nikamwuliza tu kama hawezi kungoja kidogo, na yeye akasema, "Masomo si kazi yangu. Uende kwa mwalimu, akuambie kama anajifunza."

Basi nikawa napigwa danadana. Mwalimu ananirudisha kwa daktari, daktari ananirudisha kwa mwalimu, mimi katikati nabeba maneno yao kwenye jua na mvua, na kila nikifika yamepungua nusu njiani kwa woga. Daktari amesema kiziwi, nikifika shuleni nasema, "Daktari bado anatazama." Mwalimu amesema mtoto anavuruga darasa, nikifika hospitali nasema, "Mwalimu anasalimu." Hawajawahi kukaa pamoja hata mara moja, watu wawili wenye mwanangu mikononi mwao, na kati ya hospitali na shule hata moshi wa jiko unafika! Nilikuwa nikiona lori lolote likipita barabarani nadhani ndilo limekuja kumchukua. Nilikuwa naacha cherehani nakwenda kusimama mbele ya Asha, kana kwamba kifua changu hiki kingewazuia.

Dada yangu Bi Tatu alikuja kutoka ng'ambo, Goma, na dawa zake mbili, unazijua: ama mtoto apungwe pepo, ama afungwe mguu kwenye kitanda mpaka akue. "Kwa usalama wake," akasema. Nilimwambia nitafikiri. Na nilifikiri, Mama Asha, hofu ilinifikisha huko. Kisha nikamwangalia Asha akipanga viazi vya Mudende sakafuni kuanzia kikubwa mpaka kidogo kama kunde, hana ubaya na mtu, nikamsindikiza Bi Tatu hadi kwenye gari la kurudi Goma nikamtakia safari njema.

Sasa sikia nilichofanya, na usicheke kabla sijamaliza.

Daktari alikuwa ameleta kitambaa cheupe nimshonee koti la kazini. Mwalimu Kalisiti alikuwa ameleta kitambaa cha bluu nimshonee koti la kumpokelea mkaguzi. Yote mawili nilikuwa nimeyapiga bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikilia, ili mtu ajaribu kabla ya kushonwa kabisa. Na wewe unajua, umekaa hapa barazani vya kutosha: mtu aliyevalishwa koti la bandi, lina pini mabegani na pini mbavuni, hawezi kwenda popote. Hawezi hata kuinua mkono. Anasimama kama alivyowekwa mpaka fundi amruhusu.

Kuwaambia "Waheshimiwa, naomba mkutane" nisingeweza hata kwa kufa. Nikamwambia kila mmoja kwa wakati wake, Jumamosi, saa kumi alasiri, koti litakuwa tayari kujaribiwa.

Wallahi, Jumamosi hiyo nilipanga pini na kuzipanga upya tangu alfajiri. Daktari alifika kwanza, nikamvisha upesi nikamjaza pini. Baiskeli ya Mwalimu ikalia kengele pale nje, nikamvisha naye, nikamjaza pini naye, mmoja mwisho huu wa baraza, mwingine mwisho ule, na Asha chini ya meza katikati. Walisalimiana kwa kichwa, maana mikono ilikuwa hainyanyuki. Nami nikajaza pini mdomoni, nyingi kuliko haja, ili mtu yeyote asinitarajie kusema.

Niliona sasa nimekwisha, mzungu atagundua, ataita askari. Kisha Daktari akamwona Asha, akasema kwa Mwalimu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Huyu ndiye kiziwi yenu." Mwalimu Kalisiti akageuka na koti lake lote. "Kiziwi? Daktari, nani amesema huyu kiziwi? Huyu anakimbia kengele mbele haijalia! Akiona tu mutu anainua chuma, anafunga masikio." Daktari akasema hayo ni mambo ya macho, si ya masikio, akapiga makofi pale pale, pini zikamchoma kwapani, Asha hakugeuka. "Unaona?" akamwambia Mwalimu. Mwalimu akasema hiyo si kutosikia, hiyo ni kukataa, watoto wa namna hii ni wakaidi. Nao wakaanza kubishana juu ya kichwa cha mwanangu, sauti zikapanda, watu wakaanza kusimama barabarani. Yarabi! Niliona nimeharibu kila kitu, kwamba sasa watachukiana na atakayelipa ni Asha.

Nikiogopa mimi nafanya nini? Nashona. Nikachukua mkono wa koti la Daktari, uliokuwa bado haujaunganishwa, nikakaa kwenye cherehani nikaanza kukanyaga, bila kuangalia. Nikakanyaga weee. Kisha Asha akatoka chini ya meza. Hakumtazama mtu. Akaniwekea mkononi kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, kimejaa uzi mweupe, akarudi mahali pake.

Kwa sisi hilo si jambo. Kila siku anafanya hivyo. Uzi wa chini ukiisha, mimi huwa nashona hewa mpaka mwisho wa mshono ndipo nagundua, lakini yeye anasikia cherehani imebadilika sauti kidogo tu, na analeta mwingine. Sikuwahi kufikiri ni kitu cha kumwambia daktari, kama vile nisivyofikiri kumwambia kwamba anakula ugali. Lakini Daktari alikuwa ameacha kubishana. Mdomo wazi. Akauliza nani amemwambia uzi umeisha. Nikatikisa kichwa, hakuna. "Fanya tena," akasema. Nikatoa ule uzi uliojaa, nikatia uliokaribia kuisha, nikakanyaga. Asha alikuwa amegeuzia uso ukutani. Ulipoisha tu, akaja na mwingine. Daktari akasema tena, nikafanya tena. Mwalimu Kalisiti naye sasa alikuwa amesogea, amepiga magoti na koti lake la pini, anatazama.

Basi Daktari akakaa kwenye benchi, akaruka, maana alikalia pini, akatukana kwa Kifaransa, akasimama. Alisema polepole, "Mi nimekosea. Hii si kiziwi. Lakini jina ya ugonjwa yake, sijue. Kweli sijue." Mama Asha, sijawahi kusikia mzungu akisema hajui. Iliniogopesha kuliko alipokuwa anajua. Kama yeye hajui, nani anajua?

Lakini Mwalimu Kalisiti, badala ya kumcheka, akaanza kumwambia mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Kwamba Asha hashiki kalamu, ila akiachwa peke yake anaandika herufi zote kwenye mchanga, kwa mpangilio, hakosi moja. Kwamba akibadilishiwa mahali pa kukaa analia siku nzima. Daktari akawa anauliza: analia kabla ya kengele au baada? Anaanguka? Anatetemeka? Macho yanageuka? Mwalimu anajibu, na mara nyingine anasema, "Hiyo sijaangalia, nitaangalia." Yaani kila mmoja alikuwa na nusu ya mwanangu mfukoni, na mimi ndiye niliyekuwa nazidondosha njiani.

Daktari akauliza kama anapigwa shuleni. Mwalimu akasema hapana. Kisha akanitazama, akatazama chini, akasema, "Mara moja." Mkono wangu ukateleza, pini ikamwingia mbavuni. Wallahi sikukusudia. Au labda mkono ulikusudia, sijui, ni wewe ungenijua. Alisema "aii" tu.

Wakakubaliana pale pale. Asha hatapelekwa hospitali tena kukaa katika vyumba vyenye mwangwi. Daktari atakuja yeye shuleni kila Alhamisi, akae nyuma ya darasa, amwangalie mahali anapoishi siku zake, na Mwalimu atamweleza wiki ilivyokwenda. Kabla rimu halijagongwa, mgongaji atapita mlangoni ainue kitambaa chekundu, ili sauti isimvamie. Daktari akatoa pamba ya hospitali, nami nikamshonea kofia yenye masikio mawili manene, pamba ndani, mishono nje. Mwalimu amemruhusu kuivaa darasani, ingawa watoto wengine wanavua kofia. Hiyo ni kwa muhula unaoanza Jumatatu, mpaka likizo ijayo. "Akienda tena mu mayi," Daktari akasema, na hapo alinitazama kwa huruma, ndiyo maana sikulala, "fundi, nitamupeleka. Mi sitaki kumutoa mu mayi amekufa." Na sikuweza kumchukia, maana hilo ndilo ninaloliota.

Daktari alipokuwa anavuliwa koti, aliniuliza, "We fundi, ulitufunga kusudi?" Nilikuwa bado nina pini mdomoni. Nikazionyesha kwa kidole. Alicheka, lakini mimi jasho lilikuwa limefika kwenye soksi.

Hayo yalitokea wiki ya mwisho kabla ya kufungwa shule. Sasa likizo imeisha. Watu wananipa hongera, jirani zetu wanasema fundi ana akili, amewakutanisha wakubwa. Hawajui naishi vipi. Nikilala naona kitambaa chekundu kimesahauliwa nyumbani. Naona mgongaji amesafiri, kamweka mtu mwingine asiyejua. Naona watoto wamemvua kofia wakaitupa juu ya bati. Naona Daktari amerudishwa kwao Ulaya, akaja mwingine mwenye haraka zaidi, akapiga makofi nyuma yake, pa! Naona Mwalimu Kalisiti amehamishwa. Watu wawili tu, Mama Asha, uzima wote wa mwanetu umening'inia kwa watu wawili waliokubaliana kwenye baraza wakiwa wamevaa makoti yasiyo na mikono. Wakigombana kwa jambo lolote, hata la baiskeli, kwisha.

Na kuna hofu nyingine sijamwambia mtu. Wewe nakwambia. Naogopa anapenda ziwa. Nimeona anavyoligeukia tukipita. Kila mtu anasema alikimbia kengele, na ni kweli, lakini alikimbilia mahali, na mahali penyewe palimpokea. Kofia itazuia kengele. Hilo lingine litazuiwa na nini? Ungekuwepo ungejua. Ungemfunika masikio ukamwimbia, basi. Nimejaribu kumwimbia wimbo wako, akaniwekea kiganja mdomoni. Sauti yangu si yako, hakuitaka, na ana haki.

Sikuwa najua kukosa mtu kunafanana hivi na kuogopa. Nikisikia hatua mlangoni moyo unaruka, halafu nakumbuka si wewe, halafu unaruka tena kwa sababu kama si wewe ni nani.

Swala imekwisha zamani, watu wanatawanyika kutoka msikitini, naona kanzu ya tajiri kule mbele. Nifupishe, kama ulivyokuwa ukiniomba siku zote na sikuweza.

Siwezi kukuahidi kwamba hatakimbia. Siwezi kukuahidi Daktari atabaki, wala kwamba Mwalimu hatamchoka. Hata kwamba nitaacha kuogopa siahidi, ungejua nasema uongo. Lakini tangu wiki iliyopita, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, namwacha Asha kwa jirani, nateremka ufukweni. Yule mvuvi aliyembeba begani ananingoja. Ananishika mkono, ananivuta, ananicheka mbele ya wenzake, "Fundi, mayi haiume!" Siku ya kwanza niliishia kwenye vifundo vya miguu nikatapika. Nimerudi kesho yake, na kesho yake tena. Nakuahidi nitaendelea kurudi. Akiingia tena, Mama Asha, hatasimama mle peke yake nami nikilia ufukweni.

Pumzika, mke wangu. Mungu akulaze mahali pasipo na hofu.

Leo asubuhi maji yalinifika kifuani.

Mumeo,
Baba Asha